Unene wa kupita kiasi, operesheni ya kupunguza kilo na ukuta wa utumbo

Unene wa kupita kiasi, ule wanganga wanauita obezite, watu wanaupima kwa mizani na kwa kiuno cha nguo. Lakini kuko sehemu moja ya mwili ambayo mizani haiionyeshi na ambayo inaumia mapema, mara nyingi kabla mtu hajasikia dalili yoyote. Ni ukuta wa utumbo. Tangu karibu miaka 20 watafiti wanauangalia ukuta huo kwa karibu, sababu unasaidia kueleza ni kwa nini kilo nyingi zinaleta ugonjwa wa sukari na mafuta kwenye ini. Unasaidia pia kueleza kwa nini operesheni ya tumbo inaweza kushusha sukari ya mgonjwa hata kabla hajaanza kupungua.

Katika miji ya mashariki ya Kongo, habari ya kunona haizungumzwi kama ugonjwa. Mtu akiongeza kilo, majirani wanasema "maisha inamukubali". Akipungua, wanaanza kunong'ona juu ya kifua kikuu, sida ao ndoa mbaya. Kwa hiyo watu wachache wanaenda lopitali juu ya kilo zenyewe. Wanaenda juu ya tansio, juu ya magoti, ao juu ya sukari ambayo imekwisha kupanda. Tena kuko wanaonunua kwenye farmasi dawa za kutafuta mwili, hasa deksametazoni na siproheptadini, bila karatasi ya munganga. Deksametazoni ni dawa kali ya magonjwa mengine kabisa. Inaleta kilo, ndiyo, lakini inapandisha sukari na tansio pamoja nazo.

Namna ya kujua kama kilo zimepita kiasi ni hesabu rahisi: unagawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha unagawanya jibu tena kwa urefu ule ule. Kuanzia 30, ni obezite. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni karibu kilo 77. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni 1 walikuwa katika hali hiyo, yaani mtu 1 kati ya 8.

Ukuta wa safu moja tu

Chakula kikiwa ndani ya utumbo, bado hakijaingia mwilini. Kiko njiani tu, kama gari lililosimama mpakani. Kitu kinachokitenganisha na damu ni safu moja ya seli, moja tu, nyembamba kuliko karatasi. Watafiti wa Uswidi walipopima upya mwaka 2014, walikuta kwamba ukuta wote wa ndani, ukiukunjua mikunjo yake yote, unafika karibu mita 32 za mraba, kama sakafu ya nyumba ndogo ya vyumba viwili. Vitabu vya zamani vilikuwa vinasema ni kama uwanja wa tenisi, vilizidisha. Seli za ukuta huo zinachakaa haraka: kila siku 3 hadi 5 zinaanguka na nyingine zinachukua nafasi yake.

Ukuta huu una kazi mbili zinazopingana. Unapaswa kuruhusu maji, sukari, mafuta, chumvi na vitamini vipite, na unapaswa kuzuia mamilioni kwa mamilioni ya mikrobe zinazoishi ndani ya utumbo, hasa ule mkubwa. Mtu wa Goma anayejua barriere ya kwenda Gisenyi ataelewa vizuri: barriere haifungwi kabisa, sababu watu wanahitaji kupita ili waishi, kazi yake ni kuchagua.

Uchaguzi unafanyika kwa ngazi tatu. Juu ya seli kuko ute mzito ambao mikrobe zinakwama ndani yake. Kati ya seli na seli kuko kufuli za protini, zinazoitwa okludini na klaudini, ambazo zinakaza nafasi. Chini yake kuko askari wa mwili wanaongojea chochote kitakachopenya. Na mikrobe si adui zote. Nyingi zinakula nyuzinyuzi za mboga na maharagi ambazo sisi hatuwezi kumeng'enya, na kwa malipo zinatoa asidi fulani, butirati, ambayo ndiyo chakula kikubwa cha seli za utumbo mkubwa. Zikikosa nyuzinyuzi, zitatafuta kitu kingine. Katika utafiti wa panya uliotolewa mwaka 2016, mikrobe zilizonyimwa nyuzinyuzi zilianza kula ute wenyewe, na ukuta ukabaki karibu uchi.

Kinachoharibika mtu akinona

Mwaka 2007, kundi la watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa, akiwemo Patrice Cani wa Chuo Kikuu cha Louvain, lilionyesha jambo ambalo lilibadilisha mawazo ya wengi. Walilisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa wiki 4. Ndani ya damu ya panya hao, vipande vya maganda ya bakteria, vinavyoitwa lipopolisakaridi, viliongezeka mara 2 hadi 3. Kisha wakafanya kinyume: wakachukua panya wenye chakula cha kawaida, wakawatia vipande hivyo kidogo kidogo. Panya wakaongeza uzito na sukari yao ikaanza kusumbua. Maana yake, vitu vilivyopenya kutoka utumboni vinaweza vyenyewe kusukuma ugonjwa.

Kiasi hicho ni kidogo sana kuliko kile cha mtu mwenye maambukizi makali ya damu. Hakileti homa wala kulaza mtu kitandani. Kinachochea tu askari wa mwili kila siku, kama makaa yaliyofunikwa majivu, na makaa hayo yanafanya insulini isisikilizwe. Wa kwanza kuumia ni ini, sababu damu yote inayotoka utumboni inapita kwake kwanza, ndipo iende mahali pengine. Hapo tunaelewa mtu ambaye hajawahi kugusa kanyanga lakini ekografi yake inaonyesha ini lililojaa mafuta.

Kwa binadamu picha haiko nyoofu kama kwa panya, na ni vizuri kuisema hivyo. Watafiti wa Paris walichukua vipande vya utumbo mdogo kwa wagonjwa wanene waliokuwa wanafanyiwa operesheni, wakavilinganisha na vya watu wengine. Matokeo ya 2018: tumbo likiwa bila chakula, ukuta wa wanene haukuwa umeharibika sana. Ulipowekewa mafuta, ndipo ukaachilia vitu vingi kupita. Yaani kwa watu wengi ukuta haujabomoka. Unalegea kila wakati wa mlo mzito, mara mbili tatu kwa siku, miaka na miaka.

Mwaka huo huo watafiti wa Israeli walileta jambo lingine: kwa panya, sukari ya juu ndani ya damu ndiyo iliyokuwa inalegeza kufuli za seli, kuliko unene wenyewe. Panya mnene ambaye sukari yake ilishushwa, ukuta wake ulitengenea. Kwa mgonjwa hilo si jambo dogo. Linampa sababu moja zaidi ya kufuata sukari yake hata kama kilo bado hazijashuka.

Kuko vilevile bakteria moja inayoishi ndani ya ute, Akkermansia muciniphila, iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 2004. Kwa wanene wengi iko chache. Wanganga wa Louvain walijaribu kuwapa watu waliozidi kilo bakteria hiyo kwa miezi 3 na wakaona insulini inafanya kazi vizuri zaidi, lakini jaribio lilikuwa la watu kama 30 tu. Bado ni mwanzo.

Hapa biashara imeingia haraka kuliko sayansi. Katika simu za watu zinazunguka tangazo za chai na unga wa "kusafisha utumbo" na "kuziba matobo". Hakuna utafiti mzuri uliothibitisha kwamba vitu hivyo vinakaza ukuta. Hata kipimo cha damu cha zonulini, kinachouzwa Ulaya kwa bei kali, watafiti walikuta kwamba vifaa vyake vingi havipimi zonulini kweli. Kipimo ambacho watafiti wanakitumia zaidi ni cha kunywa sukari mbili, manitoli na laktulozi, kisha kukusanya mkojo kwa saa kama 5. Manitoli ni ndogo, inapita kirahisi. Laktulozi ni kubwa, haipaswi kupita. Ikionekana nyingi ndani ya mkojo, ukuta una nafasi wazi. Na kuhusu lavema za mara kwa mara, ambazo watu wengi wanazipenda kwetu, zinaweza kuumiza utumbo mkubwa badala ya kuusaidia.

Ukuta ule ule kwa mtoto aliyedumaa

Kipimo hicho cha sukari mbili hakikutumiwa kwa wanene peke yao. Tangu zamani kinatumiwa kwa watoto wa Afrika. Huko Gambia, mwaka 1991, watafiti walifuatilia watoto wadogo wa kijijini na kukuta kwamba hali mbaya ya ukuta wa utumbo ilieleza karibu 43 kwa mia ya kuchelewa kukua kwao. Watoto hao hawakuwa na kuhara kila siku. Walikuwa wanameza mikrobe za mavi kidogo kidogo, kutoka kwenye maji, udongo, mikono na kuku wa uani, na utumbo wao ulikuwa umechoka.

Katika Kongo, zaidi ya watoto 4 kwa 10 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Si ajabu basi, katika nyumba moja ya Kadutu ao ya Katindo, kukuta mama mwenye obezite na mtoto ambaye urefu wake haufikii umri wake. Watu wanafikiri mmoja anakula chakula cha mwingine. Hapana. Wote wawili wanaweza kuwa na ukuta wa utumbo usiofunga vizuri, mmoja juu ya mafuta, sukari na ukosefu wa mboga, mwingine juu ya maji machafu. Na dawa yake si rahisi: majaribio makubwa yaliyofanywa Kenya, Bangladesh na Zimbabwe yalikuta kwamba vyoo vya kawaida na maji yaliyotiwa dawa nyumbani havikutosha kufanya watoto warefuke.

Kwa watu wengi wazima, chakula ndicho chombo cha kwanza. Kivu ina bahati kwa maharagi, sombe, lengalenga, ndizi na viazi vitamu, vyote vyenye nyuzinyuzi ambazo mikrobe nzuri zinazitafuta. Kinachosumbua ni kile kilichoongezeka mijini: sukre ya chupa asubuhi na jioni, mandazi ya mafuta yaliyotumika mara nyingi, bugali mkubwa na mboga ya kijiko kimoja. Pombe nayo inalegeza kufuli za seli moja kwa moja.

Operesheni: historia yenye somo gumu

Operesheni za kupunguza kilo zilianza Marekani miaka ya 1950, na ya kwanza iliyoenea ilikuwa na wazo rahisi: kuruka karibu utumbo mdogo wote ili chakula kisiingie mwilini. Kilibaki kipande kifupi tu cha kufanya kazi, chini ya nusu mita. Sehemu nyingine, mita kadhaa, iliachwa tumboni kama barabara iliyofungwa. Watu walipungua sana. Lakini ndani ya barabara ile iliyofungwa, mikrobe zilizaana bila kusukumwa na chakula, na sumu zao na vipande vyao vikaingia damuni. Wagonjwa wengine walipata viungo vya kuvimba na vidonda vya ngozi. Wengine ini lao liliharibika kabisa, wakafa. Wengi ilibidi wafunguliwe tena na kurudishiwa utumbo wao. Kufikia karibu 1980 operesheni hiyo iliachwa. Ilikuwa imeonyesha kwamba mtu anaweza kupoteza kilo huku ukuta wa utumbo wake unazidi kuwa mbaya.

Operesheni za leo ni tofauti. Ya kwanza inaitwa kwa Kifaransa "bypass", na ilianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa mwaka 1966. Munganga anatengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha karibu mililita 30, kisha anakiunganisha na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mdogo. Chakula kinaruka tumbo na mwanzo wa utumbo, lakini nyongo bado inapita katika sehemu iliyorukwa, kwa hiyo haibaki imekufa. Ya pili, "sleeve", ndiyo inayofanywa zaidi duniani leo: wanakata na kutoa karibu 80 kwa mia ya tumbo, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Utumbo wenyewe hauguswi. Zote zinafanywa kwa matundu madogo na kamera, na katika lopitali zenye uzoefu wanaokufa ni chini ya mtu 1 kwa 200. Tangu 2022 vyama vya wapasuaji vinashauri operesheni kuanzia hesabu ya 35, karibu kilo 90 kwa mtu wa mita 1.60, na kuifikiria kuanzia 30 ikiwa sukari haitulii kwa dawa.

Baada ya bypass, kwa wagonjwa wengi sukari inashuka ndani ya siku chache, kilo zikiwa bado ziko pale. Homoni za utumbo zinabadilika, nyongo inabadilisha njia, mikrobe zinabadilika na Akkermansia mara nyingi inaongezeka. Katika panya waliofanyiwa bypass, kipande cha utumbo kinachopokea chakula kinanenepa na kuanza kuchoma sukari nyingi kwa kazi yake chenyewe. Katika miezi inayofuata, tafiti nyingi zinakuta vipande vya bakteria ndani ya damu vimepungua na makaa ya mwili yametulia.

Lakini ukipima ukuta wenyewe, kwa zile sukari mbili ama kwa njia nyingine, majibu hayafanani. Kuna waliokuta umekaza vizuri, kuna waliokuta sehemu moja imekaza na nyingine imelegea. Kwa hiyo si sawa kusema operesheni inatengeneza ukuta. Inaondoa mambo mengi yaliyokuwa yanauchosha: sukari ya juu, milo mizito ya mafuta, kilo zenyewe. Na tena inaleta mapya, sababu katika bypass mikrobe zinaweza kuzidi mahali ambapo hazikuwa nyingi.

Kuishi mashariki ya Kongo na tumbo lililopasuliwa

Wenye uwezo wanasafiri kwa operesheni hiyo, wengine hadi India ao Uturuki, wanalala lopitali siku chache, wanarudi. Kazi kubwa inaanza nyumbani. Baada ya bypass, na mara nyingi baada ya sleeve pia, mwili haupati tena vya kutosha vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D kutoka kwenye chakula. Vidonge ni vya maisha yote, na damu inapaswa kupimwa kila mwaka. Katika eneo la malaria, ambapo upungufu wa damu ni wa kawaida hata kwa wasiopasuliwa, kuacha vidonge vya chuma kwa mwaka mmoja kunaweza kumwangusha mtu. Barabara ikifungwa na vita ao familia ikikimbia, vidonge ndivyo vya kwanza kusahauliwa. Aliyepasuliwa anahitaji kuviweka pamoja na karatasi zake za muhimu, na ndani ya karatasi hizo iwemo ile ya lopitali inayosema ni operesheni gani alifanyiwa.

Kwa wamama, wanganga wanashauri kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba, sababu mtoto tumboni atakosa chakula kama mama bado anapungua haraka. Na baada ya bypass, kidonge cha uzazi wa mpango kinaweza kushindwa kuingia vizuri; ni bora kuzungumza na munganga juu ya njia nyingine.

Dawa ya kuogopa zaidi ni ile iliyo karibu zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa kila kona kwa ajili ya mgongo na kichwa. Zinaumiza ukuta wa utumbo wa mtu yeyote akizitumia muda mrefu, lakini kwa mwenye bypass zinaweza kufungua kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Paracetamol ndiyo ya kutumia. Pombe nayo inapanda kichwani haraka zaidi kuliko zamani, hata glasi moja.

Hatari ya mwisho inawahusu hasa wauguzi wa santre ndogo. Aliyepasuliwa akitapika kwa wiki mbili tatu, akiba yake ya vitamini B1, tiamini, inaisha. Anaanza kuona mbili mbili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa kidogo; familia inaweza kufikiri ni malaria ya kichwa ao uchawi. Akifika santre, anawekewa serumu ya sukari, kama vile anavyowekewa kila mtu aliyedhoofika. Kwa mgonjwa huyu, sukari hiyo bila tiamini inaweza kumaliza kiasi kidogo kilichobaki na kuharibu ubongo wake kwa masaa machache, uharibifu ambao mara nyingine haurudi nyuma. Sindano ya B1 inapaswa kutangulia serumu, ao ziende pamoja. Ni dawa ya bei ndogo, lakini muuguzi ataifikiria tu kama kuna mtu amemwambia kwamba mgonjwa alipasuliwa tumbo.